Chupa Kumi na Nne za Kwaluguru

Uholanzi,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia, tafadhali toka hapo barazani uingie ndani, ukae kwenye kigoda chako, uvae miwani, uisome barua hii peke yako. Usimpe Mwalimu akusomee, hata kama mwandiko wangu umezidi kuharibika. Hukwenda kisomo cha watu wazima miaka yote ile, jembe begani na ubao kwapani, ili leo mambo yetu yasomwe na watu wengine. Soma mstari mmoja mmoja, hata ukichukua siku mbili. Mimi nitangoja.

Habari za hapo nyumbani? Kiuno kinasemaje? Mahindi yamebeba, au jua limeyawahi tena? Barua yako nimeipata, ilizunguka wiki tano njiani. Umeniambia mwanangu Zuhura aliharisha tena, mara ya tatu tangu mpande, mkampeleka zahanati akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, akapata nafuu. “Sasa anacheza,” umeandika. Maneno hayo mawili nimeyasoma mpaka karatasi imechanika penye mkunjo. Baba yake tangu aende Mererani kutafuta mawe hajauliza hata kama mtoto ana meno, kwa hiyo wa kumwuliza habari zake ni wewe tu.

Mimi ni mzima wa kusimama. Nimechoka, mama, sina neno jingine. Mvua ya huku hainyeshi kwenda chini, inanyesha ubavuni, na mtu anaendesha baiskeli ndani yake kama vile hakuna kitu. Mchana wanakula mkate baridi. Nakaa hosteli na wanafunzi wa nchi mbalimbali, na Jumapili ndiyo siku niliyokuwa nikiwapikia pilau. Nasema nilikuwa. Nitafika huko.

Uliniuliza barua iliyopita: “Kwani kazi yenyewe ni ipi, mpaka wakutoe Korogwe wakupeleke mbali hivyo kupima choo? Choo si kipo Korogwe?” Nilicheka sana. Sasa nitakueleza, na safari hii usiruke, maana bila hayo hutaelewa yanayofuata.

Korogwe, mtu akiharisha, tulikuwa tunachukua choo chake tunakipanda kwenye visahani vyenye chakula cha wadudu, tunangoja siku mbili tatu waote, ndipo tuseme huyu ni wa kuhara damu, huyu ni wa homa ya matumbo. Umeme ukikatika kabati la joto linapoa, tunaanza upya, na mgonjwa amekwisha rudi kijijini kwake. Huku hawamngoji mdudu aote. Kila mdudu ana maandishi yake ndani, madogo mno, wanayaita vinasaba, na hayo ndiyo yanayomfanya awe yeye na si mwingine. Tunachukua choo kidogo kama punje ya mtama, tunakisafisha na kukisafisha mpaka yabaki maandishi hayo tu. Halafu tunatia dawa inayotafuta kipande kimoja ambacho anacho mdudu wa homa ya matumbo peke yake. Mashine inapasha moto, inapoza, inapasha, inapoza, zaidi ya mara thelathini, na kila mara kipande hicho kikiwepo kinapata mwenzake. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, mpaka vinafika idadi isiyosemeka. Kisipokuwepo, mashine inahangaika bure. Mwisho tunavipitisha kwenye kitu kilichoganda kama uji wa muhogo uliolala, tunamulika kwa taa ya zambarau, na penye mdudu panatokea mstari unaong'aa. Asubuhi mpaka jioni naangalia mistari.

Tena kuna kipimo cha pili. Hicho hakiulizi kama mdudu yupo, kinauliza ni wa ukoo gani. Kinatoa milia mingi, mipana na myembamba. Wewe ukiona mkeka umeanikwa mahali unajua umesukwa na nani kwa jinsi ukili ulivyopishana; basi ndiyo hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Miezi michache iliyopita niliwaambia wakubwa wangu hapa kwamba tupime na choo cha watoto wa upande wa Handeni wanaoharisha. Nikawaambia kwetu Kwaluguru hakuna mwanamke atakayempa bwana afya choo cha mwanawe, lakini mama yangu ni mkunga, nusu ya watoto wa kijiji wamepokewa na mikono yake, mpeni yeye chupa. Nilikudhamini. Bwana afya akakuachia chupa kumi na nne zenye spiriti, akarudi kesho yake asubuhi kuzichukua, maana alikuwa na haraka ya gari.

Sanduku lilipofika huku nilifungua mwenyewe. Majina umeyaandika kwa herufi kubwa zile zako, S zimegeuka nyuma. Nikalia. Wenzangu wakadhani spiriti imenichoma macho. Chupa ya tisa ilikuwa na jina la Zuhura.

Nikazipima. Zote kumi na nne ziling'aa mstari wa homa ya matumbo.

Daktari Anneke, mkubwa wangu, ni mama mrefu asiyepandisha sauti hata kidogo. Akatazama picha, akasema, “Hadija, umechafua.” Maana kazi hii ni ya hatari kwa namna yake: ukidondosha tone dogo la chupa moja ndani ya nyingine, mashine itazidisha kosa lako kwa uaminifu uleule. Nikasugua meza kwa jiki mpaka vidole vikababuka. Nikarudia. Ziling'aa. Nikarudia mara ya tatu, nikiwa nimeweka chupa ya maji matupu katikati yake ili kunishuhudia. Penye maji pakabaki giza, zako zikang'aa zote. Daktari akakubali kwamba sikuchafua. Hakuomba radhi, lakini aliniletea chai.

Tukafanya cha pili, cha ukoo. Milia ya chupa zote ilikuwa ileile, hata mmoja haukupishana. Hapo Daktari akafurahi kabisa. Akasema watoto wote wamekunywa mahali pamoja, yaani lambo tunalochota maji, na akachoma pini nyekundu penye Kwaluguru kwenye ramani. Tutaandika ripoti, akasema, serikali na wafadhili waone, wachimbiwe kisima kirefu.

Mimi nilikuwa sisikii kisima. Nilikuwa nasikia chupa ya tisa. Siku tatu niliirudia picha ya chupa hiyo. Nilimwona mwanangu na homa, tumbo limejaa, na mimi niko mahali ambapo hata nikipiga kelele hakuna anayeelewa lugha. Siku ya nne nikasema ngoja nikione mwenyewe, kwa macho, kama tulivyofundishwa. Nikakiomba kile ambacho huku hawakigusi siku hizi, hadubini. Vijana wa hapa walitabasamu. Nikaanza na chupa ya kwanza, ya mtoto wa jirani yetu Bi Saumu, yule wa miezi minane anayenyonya.

Nikakuta mbegu ya pilipili.

Nikatazama tena. Mbegu, na ganda jekundu pembeni. Nikacheka peke yangu: huyu mtoto wa Bi Saumu ameanza pilipili kichaa kabla ya meno! Nikaenda ya pili, pilipili. Ya tano, pilipili. Ya tisa ya Zuhura, ambaye akinusa tu pilipili analia mpaka kwa jirani, pilipili. Mayai ya minyoo aina moja kwenye chupa zote, tena mengi sawasawa. Nikaacha kucheka. Ninamjua mtu mmoja tu Kwaluguru nzima ambaye mlenda bila pilipili kumi kwake ni maji ya kuoshea vyombo.

Ni wewe, mama. Chupa zote kumi na nne ni zako.

Nilikasirika, sikufichi. Niliwaza wiki zile za jiki, nikawaza ahadi niliyowapa watu wa huku juu yako, nikasema mama ameniaibisha. Halafu nikakusikia, kama uko pale karibu na beseni: “Mavi ya mtoto hayapandi ndege.” Maana nakujua. Mimi mwenyewe ulikuwa ukiyafukia ya kwangu nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaamka, ukamwagia majivu juu, ukakanyaga. Ulisema anayetaka kumfunga mtoto tumbo hatafuti zaidi ya hayo. Sasa mtu wa gari akuletee chupa, aseme anapeleka kwa Wazungu, hakuelezi ya nini! Akina mama wamekuamini, na wewe ukaona kama kuna tumbo la kufungwa basi lifungwe lako, zee limekwisha kula chumvi. Nilipofika hapo hasira iliisha, ikabaki huruma, na uchovu.

Nilinyamaza siku mbili. Nakuambia na hilo ulijue. Niliwaza: nikinyamaza, ripoti itasema lambo, kisima kitachimbwa, wanawake watapumzika kutembea. Nani ataumia? Halafu nikaelewa nani ataumia. Wakishasema ni lambo, hakuna atakayetafuta mahali pengine, na Zuhura ataendelea kula pale pale anapokula.

Nikamwendea Daktari nikamwambia yote. Akauliza, “Kwa nini afanye hivyo?” Nikamwuliza na mimi: aje mtu usiyemjua mlangoni kwako, aombe nepi ya mwanao aende nayo ng'ambo, utampa? Akasema hapana. Akachukua rula, akafuta mistari kumi na nne kwenye daftari, akaing'oa ile pini. Kwa hiyo juu ya watoto wa Kwaluguru hatujui kitu. Na juu ya mwanangu, baada ya kazi yote hiyo, sijui kitu.

Juu yako ndiyo tunajua. Hapa sasa ndipo pagumu, vuta pumzi.

Una mdudu wa homa ya matumbo, mama, na huumwi. Inawezekana. Kuna watu ambao homa ikiisha, mdudu haondoki. Anajificha kwenye nyongo, anakaa miaka, hamsumbui mwenyeji wake hata siku moja. Lakini anatoka na choo, na mkono ukinawa kwa haraka anabaki kwenye kucha, na kutoka kwenye kucha anaingia kwenye tonge. Unakumbuka mwaka ule wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ulipolala wiki tatu na nywele zikakunyonyoka? Tulisema ni malaria iliyopanda. Nafikiri ilikuwa ile.

Na mimi nakumbuka zaidi. Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nakunywesha uji, ukinywa nusu unakataa, mimi namalizia kikombe kwa sababu njaa ilikuwa kali na wewe ulikuwa umefumba macho.

Nilipolikumbuka hilo nilikaa chini. Zuhura amekula mkononi mwako mwaka mmoja. Kabla ya hapo alikula mkononi mwangu mitatu. Nilikuwa nimekwisha shika kalamu kukuandikia uende ukapimwe, nikaona haya. Nikachukua chupa, nikaweka changu, nikaandika jina langu, nikaipeleka kwenye mashine kwa mikono yangu. Nakuapia, nilikuwa naomba mstari usitokee. Mtu mzima, fundi wa maabara, namwomba Mungu mbele ya taa ya zambarau.

Ulitokea. Na milia yake ni ileile yako, ukili mmoja.

Mashine inajua kwamba wadudu hawa ni ukoo mmoja. Nani alimpa nani, haijui. Kama Zuhura anaye, sitaweza kamwe kusema amemtoa kwako au kwangu. Kwa hiyo usije ukakaa hapo kwenye kigoda ukajihukumu peke yako. Kama kuna kiti cha kukalia, tumekaa wawili.

Nimeanza vidonge, asubuhi na jioni, wiki nne. Vinachafua mdomo na kulegeza vidole, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Ilibidi nisimame jikoni hosteli niwaambie wote niliowapikia pilau kwamba wakapimwe. Kijana mmoja wa Kihindi, tuliyezoeana sana, aliweka sahani chini taratibu akatoka. Wote wametoka wazima, namshukuru Mungu, lakini jikoni siingii mpaka nimalize dawa. Nakula peke yangu chumbani. Nimejua sasa nakuomba jambo gani, kabla sijakuomba.

Nakuomba usimpikie Zuhura kwa sasa, wala usimpe tonge. Wifi Fatuma ampikie na kumlisha. Najua mtoto hali chakula mpaka umfinyangie wewe. Atalia siku mbili, muache alie. Wewe nawa kwa sabuni, na kama sabuni imekwisha tumia majivu, kila utokapo chooni, mpaka kwenye kucha. Usimwambie mtu sababu kama hutaki. Sema kiuno.

Halafu gulio la kwanza baada ya kusoma barua hii likipita, panda basi Mkata, wewe na Zuhura, mwende Korogwe, hospitali, dirisha la maabara. Muulizeni Ester, yule Msambaa tuliyefanya kazi pamoja, aliyekuja kwenye arobaini ya baba. Nimemwandikia kila kitu. Hana mashine, ana visahani tu, itachukua siku kadhaa, mlale kwake. Pesa za kuchangia matibabu hospitalini nimemwomba azisimamie. Dawa yenyewe siku hizi ipo hata kwenye maduka ya Korogwe, lakini msinunue dukani mkameza tu, mngoje Ester aseme.

Na kuhusu hofu yako, sijaisahau. Zile chupa kumi na nne zimechomwa, nilisimama mbele ya tanuri mpaka zikaisha. Hakuna kitu chako kilichobaki ng'ambo, hata punje. Na Ester nimemwambia akishamaliza kupima akuite nyuma, pale penye pipa la kuchomea, mwone wewe na mjukuu wako vinavyogeuka majivu. Majivu ukitaka kuyafukia, yafukie.

Msalimie kaka yangu, mwambie viatu vya mtumba alivyoagiza huku havipo, huku watu wanavaa vyao mpaka vinakwisha. Msalimie wifi Fatuma, na umshukuru kabla sijamshukuru mimi. Shangazi wa Handeni mjini umpe shikamoo yangu, na Bi Saumu umwambie mwanawe ni mzima wa pilipili, yeye hataelewa lakini wewe utacheka. Zuhura mwambie mama anakuja mahindi mengine yakikomaa.

Mama, wanawake wangapi umewakaripia wakiwa kwenye uchungu, wanabana kanga kwa aibu? Uliwaambia mficha uchi hazai, na wakazaa. Ester atakupa chupa mbili. Ya mtoto iwe ya mtoto. Na ile nyingine, usimpe Ester akuandikie. Siku ile ya kwanza ulipotoka kisomo, ulinionyesha ubao mlangoni, chaki imekujaa mpaka kwenye nyusi, na neno lililokuwa juu yake lilikuwa jina lako. Liandike.

Ni mimi mwanao, niliyemalizia uji wako,

Hadija